Tone la Maji na Kamba ya Maneno

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Kasuku alikuwa akisoma kila kitu kilichopita mbele ya macho yake. Alisoma boksi la dawa ya meno, akasoma mfuko wa unga, akasoma hata vibandiko vya nyuzi vilivyozagaa chini ya cherehani ya mama yake. Neno likiwa la Kiingereza, alilirudia mpaka ulimi wake ulizoee. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Kasuku, na yeye mwenyewe hakuchukia jina hilo hata kidogo.

"Chupa," mama alisema asubuhi moja bila kuinua macho kwenye pindo alilokuwa akishona.

"Ninayo, mama."

"Ina maji au ina hewa?"

Kasuku akarudi jikoni mbio. Maji yalikuwa yamechemshwa jana yake na kuachwa yapoe kwenye sufuria yenye kifuniko. Tangu upepo ulipopasua mfuniko wa tangi la shule, mwalimu alikuwa amewaagiza wanafunzi wote waje na maji yaliyochemshwa nyumbani. Chupa iliyojaa ilikuwa nzito, na hakuna aliyeipenda kazi ya kuibeba. Aliyelalamika kuliko wote ni rafiki yake Kicheko, msichana mwembamba aliyecheka kwa kila jambo, hata kwa kulalamika kwake mwenyewe.

"Mkono wangu mmoja sasa ni mrefu kuliko wa pili," Kicheko alisema siku hiyo walipokutana njiani. "Kwa sababu ya chupa hii nitashonewa sweta la peke yangu!" Akacheka mpaka akaegemea ukuta.

Darasani mwao kulikuwa na desturi ambayo huenda wewe msomaji hujapata kuiona kwingine. Mwalimu wao wa Kiingereza alikuwa amefunga kamba ndefu kutoka dirisha hili hadi dirisha lile, kama ile ya kuanikia nguo, akapanga vibanio juu yake. Hakuna nguo iliyowahi kuanikwa pale. Kilichoanikwa ni maneno. Kila dawati lilipewa mwisho mmoja wa maneno ya Kiingereza, na wenye dawati wakatakiwa kuyatafuta maneno ndugu yote yenye mwisho huo. Lakini kadi haikupanda kambani hivi hivi. Siku ya Ijumaa, mwenye neno alisimama mbele ya wenzake akasema, "Nimeliona," kisha akaeleza aliona nini na wapi. Kusikia tu hakukutosha, na kukariri ndiyo kabisa.

Dawati la nyuma lilipewa mwisho wa "less", ambao maana yake ni kukosa kitu fulani. Mvulana mmoja waliyemwita Bosi alilichangamkia jambo hilo kupita kiasi. Kwa neno "useless", yaani kitu kisicho na faida, alileta kalamu iliyokauka wino. Kwa neno "toothless", yaani asiye na meno, alimleta mdogo wake wa darasa la kwanza, akamwamuru afungue kinywa mbele ya watu. Mtoto akafungua, pengo likaonekana, darasa likavunjika mbavu, na kadi ikapanda.

Kasuku na Kicheko walipewa mwisho wa "scope".

"Mwisho huu unahusu kutazama na kuchunguza," mwalimu aliwaambia, huku akiandika ubaoni. "Sasa waangalieni ndugu zake. 'Tele' ni mbali. Kwa hiyo 'telescope' ni chombo cha kutazamia vilivyo mbali, kama mwezi na nyota. 'Micro' ni kidogo sana. Kwa hiyo 'microscope' ni hadubini, chombo cha kutazamia vitu vidogo ambavyo macho matupu hayavioni. 'Peri' ni kuzunguka. 'Stetho' inatokana na neno la kale lenye maana ya kifua."

Kasuku alisisimka mwili mzima. Miaka yote alikuwa akiyabeba maneno moja moja, kila moja na uzito wake. Kumbe maneno yalikuwa na ukoo! Ukimfahamu mmoja, yeye mwenyewe anakushika mkono na kukupeleka kwa ndugu zake. Aliutazama ubao kwa muda mrefu, mdomo wazi, mpaka Kicheko akamfinya.

Neno la kwanza kupanda lilikuwa "periscope". Waliitengeneza wenyewe kwa boksi la maziwa na vipande viwili vya kioo, wakajibanza chini ya ukuta wa shule na kuinua boksi juu. Wakaona ng'ambo ya ukuta bila wao kuonekana! Walimwona mlinzi wa shule, yule mzee mkali aliyewafanya wanafunzi watembee kwa vidole, akiwa amechuchumaa anamgawia paka chakula chake cha mchana. Alikuwa akimsemesha kwa upole, kama mama anavyosema na mtoto mchanga. Kicheko hakucheka hata kidogo. Walishusha boksi polepole, na tangu siku hiyo hawakumwogopa tena mzee yule.

Neno la pili lilikuwa "stethoscope". Muuguzi alikuja shuleni kuwapima uzito, na Kasuku akamwomba chombo kile kinachoning'inia shingoni. Muuguzi akamwekea masikioni, akaibandika sahani ndogo ya chuma kifuani pa Kicheko. Du-du, du-du, du-du. Kasuku akashika pumzi. Rafiki aliyekaa naye tangu darasa la kwanza alikuwa na ngoma ndani yake, ikipiga siku zote bila kupumzika, naye hakuwahi kuisikia. Halafu Kicheko akacheka, na kicheko kikaingia masikioni mwa Kasuku kama radi. Aliruka nusura amwangushe muuguzi.

Likabaki neno la tatu, "microscope". Kwa hilo Kasuku alijipiga kifua.

"Shangazi yangu ni mtaalamu wa maabara kwenye kituo cha afya," aliliambia darasa. "Nitampelekea maji ya tangi letu, niyatazame kwa hadubini. Ijumaa nitawaletea habari zake."

Alhamisi, baada ya masomo, alikinga maji ya bomba la shule kwenye chupa ndogo safi, akaenda. Lakini kwenye benchi la maabara wagonjwa walikuwa wamebanana hadi mlangoni. Shangazi alitoa kichwa, glavu mikononi, jasho kwenye paji la uso.

"Leo siwezi, mwanangu. Watu hawa wanasubiri majibu. Njoo Jumatatu, nitakuonyesha kila kitu."

"Hata kidogo tu, Shangazi? Dakika moja!"

"Jumatatu, Kasuku wangu." Mlango ukafungwa.

Kasuku alirudi nyumbani amenuna. Jumatatu! Bosi angekuwa amejaza nusu ya kamba. Njiani aliinua chupa ile juu, akaiangalia kwenye mwanga wa jua. Maji yalikuwa meupe, hayana hata unyasi. Aliyageuza upande huu na upande ule, akaona barabara ng'ambo ya pili bila shida. Sasa hadubini itaona nini zaidi ya hapa, alijiuliza. Akayamwaga kwenye mtaro.

Ijumaa alisimama mbele ya darasa na kadi yake mkononi.

"Nimeliona," alisema.

"Uliona nini?" mwalimu aliuliza.

Alikusudia kusema neno moja tu akae chini. Lakini macho yote yalikuwa kwake, na Kicheko alikuwa akimtazama kwa fahari, basi akatia chumvi. Alieleza jinsi shangazi alivyodondosha tone juu ya kioo chembamba. Alieleza jinsi alivyofumba jicho moja. Alieleza duara la mwanga. "Ndani ya duara hamna kitu," alimaliza. "Maji ya tangi letu ni safi kabisa."

Darasa likapiga makofi. Kadi ikapanda kambani.

"Ni habari njema," mwalimu alisema. "Hata hivyo, chupa za nyumbani ziendelee mpaka nizungumze na shangazi yako."

Lakini wiki iliyofuata mwalimu alikuwa kwenye mafunzo ya walimu, na wanafunzi hawakusikia lile la mwisho. Walisikia neno "safi" tu. Kuanzia Jumatatu Kicheko aliacha chupa yake nyumbani, akawa anakunywa bombani kwa kukinga viganja.

"Rafiki yangu ameyaona kwa macho yake," aliwaambia waliosita. "Mnataka nini tena?"

Kasuku alisimama kando na chupa yake mkononi. Alitaka kumwambia, "Usinywe." Angeulizwa kwa nini. Akanyamaza. Kwa shangazi hakwenda kabisa, maana aliogopa hata kuiona hadubini yenyewe.

Alhamisi, nafasi ya Kicheko kwenye dawati ilikuwa tupu. Ijumaa vilevile. Mchana huo habari zikafika kwamba Kicheko anaharisha vibaya na amelazwa kituo cha afya. Watoto wengine wawili wa darasa la chini walikuwa nyumbani wakishika matumbo. Saa ya mapumziko, foleni ya bombani ilikuwa ndefu kama kawaida.

Kasuku hakungoja kengele ya mwisho ilie vizuri. Alikimbia hadi kituoni. Kicheko alikuwa kitandani, midomo imekauka, macho yameingia ndani, dripu imefungwa mkononi. Daktari alikuwa ameinama juu yake na kile chombo cha kusikilizia moyo. Kasuku aliisikia tena ile ngoma kichwani mwake, du-du, du-du, akashikwa na hofu ambayo hajawahi kuijua. Vipi ikichoka?

"Mama," daktari alimuuliza mama yake Kicheko, "mtoto amekunywa maji ya wapi?"

"Nyumbani nachemsha, daktari. Na ya shuleni yamepimwa hapa hapa kwenu. Rafiki yake huyu aliyaona kwa hadubini."

Daktari akaandika kitu. "Basi tutazame kwingine. Chakula, labda. Au matunda."

Kicheko akageuza kichwa, akamwona Kasuku, akajaribu kucheka. Ilitoka pumzi tu.

Maji yalikuwa yamemfika Kasuku shingoni. Akikiri, darasa zima litamwita mwongo, na kadi zake zote zitateremshwa. Akinyamaza, daktari atatafuta ugonjwa mahali usipokuwepo, na bomba litaendelea kuwanywesha watoto.

"Siyo kweli," alisema. Sauti ilikuwa ndogo, ikabidi aseme tena. "Siyo kweli, daktari. Maji ya shule hayajapimwa. Mimi sikuona kitu. Nilidanganya."

Mama yake Kicheko aliweka mkono mdomoni. Daktari aliacha kuandika.

"Wenzako bado wanayanywa?"

"Ndiyo. Hata leo."

"Muuguzi, piga simu shuleni wafunge bomba," daktari alisema. "Na wewe, twende maabara."

Kasuku alidhani shangazi atafoka. Hakufoka. Alivua miwani, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Umewaambia watu kwamba nimeyapima maji ambayo sikuyapima," alisema. "Hilo limeniuma, nisikufiche. Tutalizungumza nyumbani mbele ya mama yako. Sasa hivi kuna kazi."

Mlinzi wa shule alileta maji ya tangi mwenyewe, kwa baiskeli, akihema. Shangazi akachukua tone, akalidondosha juu ya kioo chembamba, akalifunika kwa kioo kingine chembamba zaidi. Mikono yake ilikwenda taratibu, kama mikono ya mama ikitunga uzi kwenye sindano. Akazungusha kigurudumu pembeni mwa hadubini, akatazama kwa muda, akasogea.

"Njoo. Safari hii tazama kwelikweli."

Kasuku akainama. Mwanzoni aliona kope zake tu. Kisha mwanga ukatulia.

Tone lile lilikuwa limejaa viumbe. Kimoja kirefu, kama kandambili isiyo na ukanda, kilipita kikijizungusha, kikagonga uchafu, kikarudi nyuma na kutafuta njia nyingine. Kingine kilikuwa na mdomo uliozungukwa na vinywele vinavyotetemeka bila kukoma, kikivuta chakula ndani. Vidoadoa vidogo kupita vyote vilitetemeka na kukimbizana huku na huko. Vingine vilionekana hadi ndani, na chakula vilichokula katikati ya miili. Kila kimoja kilikuwa na shughuli zake. Wala hakuna kilichojua kwamba kuna msichana anakitazama kutoka juu. Na haya yote yalikuwa ndani ya maji yale aliyoyaona meupe kwenye jua, yale aliyoyamwaga mtaroni.

Machozi yalimtoka, akashindwa kujua ni ya aibu au ya mshangao. Nadhani yalikuwa ya vyote viwili.

"Shangazi," alinong'ona, "ndio hawa wanaomuumiza Kicheko?"

Shangazi aliinama, akatazama tena.

"Hawa ninaowaona, wengi wao hawamuumizi mtu. Lakini kama hawa wamepata makao humu, hata wabaya wanaweza kupata. Wabaya wenyewe nitawaotesha usiku huu kwenye chakula chao ili wazaliane, kesho tuwajue. Kwa leo siwezi kusema nimewaona, kwa sababu sijawaona."

"Lakini wewe unajua, Shangazi. Si unahisi kwamba wamo?"

"Nahisi sana. Kwa hiyo bomba limefungwa. Ila kwenye karatasi ya majibu siandiki ninachohisi. Daktari akiisoma anachagua dawa. Dawa inaingia kwenye damu ya mtu."

Kasuku akatazama tena, akakaa hapo mpaka mgongo ukamuuma.

Kesho yake majibu yalikuwa wazi. Maji ya tangi yalikuwa na vijidudu vya kinyesi, na kipimo cha Kicheko kilionyesha vya aina ile ile. Mafundi walipopanda juu ya tangi walikuta njiwa wamehamia kwenye ule mfuniko uliopasuka, na mmoja wao alikuwa ameoza ndani ya maji. Tangi likamwagwa, likasuguliwa, likatiwa dawa na mfuniko mpya. Kicheko alibadilishiwa dawa, na siku chache baadaye akaanza kuomba chakula kila baada ya muda mfupi.

Mwalimu aliporudi, Kasuku hakusubiri kuitwa. Alisimama mbele ya darasa na kueleza yote, toka mlango wa maabara uliofungwa hadi kitanda cha Kicheko. Wengine waliguna. Kisha Kasuku akavuta kiti, akapanda, akafungua kibanio na kuishusha kadi ya "microscope" kwa mkono wake mwenyewe.

"Teremsha na zile mbili," mwanafunzi mmoja alisema kwa hasira. "Tutajuaje kama ni za kweli?"

Kasuku akainua mkono kuzishika. Zilikuwa za kweli, lakini aliona kwamba hana la kujitetea.

"Hizo ni zangu pia," ikasikika sauti mlangoni. Kicheko alikuwa amesimama pale na mama yake, amekonda zaidi, sweta linamning'inia. "Tuliziona pamoja. Usiniteremshie maneno yangu!" Halafu akacheka, kile kicheko chake cha kuegemea ukuta, na darasa zima likacheka naye kabla halijajua linacheka nini.

Kasuku alimwendea. "Nisamehe. Nilikuona unakunywa, nikanyamaza."

"Nilikasirika sana," Kicheko alisema. "Pale kitandani nilipanga kutokuongea nawe mpaka tuwe mabibi. Lakini mama aliniambia ni wewe uliyemweleza daktari." Akamkabidhi chupa yake iliyojaa maji. "Adhabu yako ni kunibebea hii mpaka nipone mkono."

Ijumaa ile shangazi alikuja darasani na hadubini ndani ya sanduku lake. Watoto walipanga mstari, mmoja mmoja wakainama kutazama tone la maji ya dimbwi. Bosi alirudi nyuma ya mstari akatazama tena. Kicheko alipofika, walimngoja acheke. Hakucheka. Alikaa hapo muda mrefu, mkono mmoja ukishika meza.

"Mimi," alisema polepole alipoinuka, "nilikuwa nakinga hawa kwa viganja."

Mwalimu alisimama chini ya kamba.

"Hadubini ni kioo na chuma," aliwaambia. "Haituonyeshi kitu kama anayeitazama si mkweli. Siku ambayo Kasuku alidai ametazama, daktari hakuwemo maabara, mama yake Kicheko hakuwemo, na nyinyi hamkuwemo. Wote mlitazama kwa macho ya mwenzenu mmoja. Mtu akisema, 'Nimeona,' anawaazima watu macho yake, na wengine watakunywa maji kwa ajili ya neno lake. Kwa hiyo aseme alichokiona, na asipoona aseme, 'Sijaona.' Hakuna aibu katika neno hilo. Shangazi yake Kasuku alilisema maabara, na kwa sababu hiyo majibu yake yanaaminika."

Kisha akamgeukia Kasuku. "Sasa umeliona?"

"Nimeliona, mwalimu," Kasuku alijibu. Aliishika kadi, akaitazama, akampa Kicheko. "Lakini mwenye kulipandisha awe huyu."

Kicheko akapanda kiti, na "microscope" ikarudi kambani, kati ya ndugu zake wawili.

Kibanio kimoja kilibaki wazi mwisho wa kamba. Miezi ilipita, Bosi akajaza upande wake hadi kona, lakini kibanio kile hakikuguswa. Siku moja mkaguzi wa shule alikuja, akapita chini ya kamba akisoma kwa kupendezwa, akasimama hapo.

"Na 'telescope' je?" aliuliza. "Nimeambiwa dawati hili lina bingwa wa maneno. Hamlijui?"

Darasa lote likamgeukia Kasuku. Alilijua neno lile vizuri, na angeweza kuieleza maana yake bila kukwama. Akasimama.

"Maana yake naijua, mheshimiwa," alisema. "Lakini bado sijaliona."